Somo la juma hili: Jedwali la hashi, au jinsi kompyuta inavyopata neno bila kupekua

 

Baadhi ya watoto wa darasa la wakubwa wanasoma kompyuta katika shule zao za siku za wiki, na wameuliza kama mambo hayo yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili. Yanaweza. Juma hili tutajifunza jedwali la hashi, mojawapo ya mbinu zinazotumika sana ndani ya programu. Mimi ni muuguzi, si fundi wa kompyuta, kwa hiyo nitaeleza kwa vitu tunavyovishika mkononi: penseli, karatasi na visanduku kumi. Wadogo watafanya mazoezi ya umoja na wingi humohumo. Kompyuta haihitajiki.

MANENO YA SOMO

Ufunguo: kitu unachotumia kutafutia.
Thamani: kile unachotaka kukipata.
Kanuni ya hashi: hesabu inayogeuza ufunguo kuwa namba ya kisanduku.
Mgongano: funguo mbili tofauti kupewa kisanduku kimoja.
Baki: kinachosalia baada ya kugawanya. Kwa mfano 17 gawanya kwa 10, baki ni 7.

1. KWA NINI TUSIPEKUE TU?

Tuseme una orodha ya maneno 1000 yaliyoandikwa ovyo, na unatafuta neno moja. Utaanza juu, ushuke moja moja. Ukiwa na bahati neno ni la kwanza. Ukikosa bahati ni la 1000.

Ukiyapanga kwa alfabeti, mambo yanakuwa mepesi. Unafungua katikati, unaangalia neno lako liko upande gani, unauacha upande mwingine, kisha unarudia. Kwa maneno 1000 utafungua mara 10 tu kwa wingi. Kwa maneno milioni moja, mara 20. Hivyo ndivyo sisi wakubwa tulivyozoea kutumia kamusi.

Lakini kuna njia nyingine. Badala ya kutafuta neno liko wapi, tunalifanyia neno lenyewe hesabu, na jibu la hesabu linatuambia kisanduku chake. Tunakwenda moja kwa moja. Hapo maneno yawe kumi au milioni, kazi ya kufika ni ileile. Hiyo ndiyo hashi.

2. TUJENGE JEDWALI LETU

Chukueni visanduku kumi, au chora miraba kumi kwenye karatasi. Viandikeni namba 0 hadi 9. Tutaweka humo umoja na wingi: umoja ndio ufunguo, wingi ndio thamani. Anayeuliza "kisu" apate "visu".

Kanuni yetu ni hii. Kila herufi ina namba yake kwa mpangilio wa alfabeti:

a 1, b 2, c 3, d 4, e 5, f 6, g 7, h 8, i 9, j 10, k 11, l 12, m 13, n 14, o 15, p 16, q 17, r 18, s 19, t 20, u 21, v 22, w 23, x 24, y 25, z 26.

Jumlisha namba za herufi zote za neno. Gawanya kwa 10, uchukue baki. (Wadogo: chukueni tarakimu ya mwisho tu, ni jambo lilelile.) Hiyo ndiyo namba ya kisanduku.

Tujaribu "kisu": 11 + 9 + 19 + 21 = 60. Tarakimu ya mwisho ni 0. Kwa hiyo andika "kisu – visu" kwenye kikaratasi, ukitie kisanduku 0.

Tukiendelea hivyo tunapata:

Kisanduku 0: kisu – visu (60)
Kisanduku 1: kitupu
Kisanduku 2: mlango – milango (62)
Kisanduku 3: mtoto – watoto (83)
Kisanduku 4: ukuta – kuta (74)
Kisanduku 5: jicho – macho (45)
Kisanduku 6: kitupu
Kisanduku 7: jiwe – mawe (47)
Kisanduku 8: mto – mito (48)
Kisanduku 9: kitupu

Sasa mwenzako akuulize: wingi wa "jiwe" ni nini? Usianze kisanduku 0. Fanya hesabu: 10 + 9 + 23 + 5 = 47. Fungua kisanduku 7. Mawe! Umefungua kisanduku kimoja tu.

Akikuuliza "kiti"? 11 + 9 + 20 + 9 = 49. Fungua kisanduku 9: kitupu. Tayari unajua kwamba "kiti" hakimo katika jedwali zima, na hukuhitaji kufungua vingine tisa. Kujua haraka kwamba kitu hakipo ni faida kubwa vilevile.

3. WAWILI WAKIFIKA MLANGO MMOJA

Tuongeze "jino – meno". 10 + 9 + 14 + 15 = 48. Kisanduku 8. Lakini humo yumo "mto" tayari! Huu ndio mgongano.

Tusimfukuze "mto", wala tusimkatae "jino". Tunaviweka vikaratasi vyote viwili ndani ya kisanduku 8, kimoja nyuma ya kingine kama shanga kwenye uzi. Kompyuta nyingi hufanya hivyo. Nyingine hutumia njia ya pili: kisanduku kikiwa na mtu, mgeni anapelekwa kwenye kisanduku kingine kilicho kitupu kwa utaratibu unaojulikana, na anayemtafuta baadaye atafuata utaratibu uleule.

Sasa angalieni kwa makini, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Mtu akiuliza wingi wa "jino", hesabu inakupeleka kisanduku 8. Ukichukua kikaratasi cha kwanza bila kusoma, utajibu "mito". Utakuwa umefika mahali sahihi na umetoa jibu la mwingine. Ndiyo maana hatuandiki thamani peke yake ndani ya kisanduku. Tunaandika na ufunguo, na kabla ya kujibu tunaulinganisha ufunguo ulioulizwa na ule ulioandikwa, herufi kwa herufi.

Jaribuni na "wimbo": 23 + 9 + 13 + 2 + 15 = 62. Kisanduku 2 kina kikaratasi, lakini ni cha "mlango". Je, jibu ni "milango"? Hasha. Jibu sahihi ni: "wimbo" haumo.

Sisi wauguzi tunaijua kanuni hii vizuri. Namba ya kitanda inanifikisha kitandani. Hata hivyo, kabla ya kumpa mgonjwa dawa namuuliza jina lake na tarehe ya kuzaliwa, na nasoma kitambulisho cha mkononi mwake, hata kama nimemhudumia tangu asubuhi. Wagonjwa hubadilishwa vitanda, na wawili wanaweza kuwa na jina moja. Wanafunzi wengine huwaona bibi na babu wakichoka kuulizwa jina kila mara hospitalini. Waelezeni kwamba ni ulinzi wao: mhudumu anahakikisha kwamba dawa aliyoishika ni ya mtu aliye mbele yake.

4. KANUNI NZURI NA KANUNI MBAYA

Kanuni ya hashi inatakiwa kuwa na sifa tatu. Kwanza, neno lilelile lipewe kisanduku kilekile kila mara. La sivyo utaweka leo usione kesho. Pili, hesabu iwe ya haraka. Tatu, iyatawanye maneno sawasawa, visanduku vyote vipate wageni.

Mtu anaweza kusema: si tuchukue herufi ya kwanza tu? Katika Kiswahili hilo ni balaa. Mtu, mti, mkono, mwalimu, mwezi, mkate, maji, maziwa: ngeli zetu zinaleta umati kwenye M. Nao kiti, kisu, kitabu, kikombe wanajazana kwenye K. Wakati huohuo visanduku vya Q na X vinabaki vitupu mwaka mzima. Utakuwa na visanduku 26, lakini kila siku utapekua kisanduku cha M kama orodha ya kawaida.

Kanuni yetu ya kujumlisha ni bora kuliko hiyo, lakini nayo ina kasoro. Angalieni maneno haya manne: mali, mila, lima, imla. Herufi ni zilezile, zimebadilishwa nafasi tu. Kila moja lina jumla ya 35, kwa hiyo yote manne yanaangukia kisanduku 5.

Dawa yake ni kuipa nafasi ya herufi uzito. Herufi ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 3, na kuendelea, ndipo ujumlishe:

mali: 13 + 2 + 36 + 36 = 87, kisanduku 7
mila: 13 + 18 + 36 + 4 = 71, kisanduku 1
lima: 12 + 18 + 39 + 4 = 73, kisanduku 3
imla: 9 + 26 + 36 + 4 = 75, kisanduku 5

Wameachana wote. Kanuni za kompyuta halisi zina hesabu ndefu zaidi, lakini wazo la kuzidisha kwa nafasi limo katika nyingi kati yake.

Msidhani kwamba migongano imekwisha. Kwa kanuni mpya "jino" anapata 130, yaani kisanduku 0, na anamwacha "mto" kisanduku 8. Lakini kisanduku 0 anamkuta "kisu", maana "kisu" sasa ana 170. Maneno ni mengi na visanduku ni vichache, kwa hiyo migongano itakuwepo daima. Kanuni nzuri huipunguza, na kulinganisha ufunguo hutulinda inapotokea.

Mfano wa hospitali utawasaidia. Zamani za faili za karatasi, kila mgonjwa alipewa namba kwa kufuatana. Hospitali nyingi hazikupanga faili kwa tarakimu za mwanzo. Zilipanga kwa tarakimu mbili za mwisho, kwenye sehemu 100 za rafu, kuanzia 00 hadi 99. Kwa nini? Namba za wagonjwa wapya hufanana mwanzoni: 483120, 483121, 483122. Ukipanga kwa mwanzo, wapya wote wanajazana sehemu moja ya rafu, na watunza faili wote wanasukumana hapo. Ukipanga kwa mwisho, kila mpya anakwenda sehemu yake: 20, 21, 22. Watu wale walikuwa wakitumia hashi kwa mikono yao, na baki ya kugawanya kwa 100.

Na tarehe ya kuzaliwa je, ingefaa kuwa kanuni? Kwa jamii yetu, hapana. Wazee wetu wengi ambao kuzaliwa kwao hakukuandikwa wamejaziwa 1 Januari kwenye karatasi zao. Wote wangelundikana kisanduku kimoja.

5. JEDWALI LIKIANZA KUJAA

Unaweza kudhani migongano huanza visanduku vikikaribia kujaa. Huanza mapema sana. Katika kundi la watu 23, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu, ingawa mwaka una siku 365.

Kwa hiyo kompyuta haingoji jedwali lijae. Katika lugha ya Java, jedwali la kawaida huanza na visanduku 16, na funguo zikipita 12 huongezwa mara mbili kuwa 32. Visanduku vikiongezwa, kila ufunguo unapigiwa hesabu ya baki upya, maana sasa tunagawanya kwa namba nyingine. Turudi kwenye kanuni yetu ya kwanza ya kujumlisha. "Jicho" ni 45 na "uso" ni 55, wote kisanduku 5. Tukiwa na visanduku 20, "jicho" anabaki 5, na "uso" anahamia 15. Kuhamisha wote ni kazi, lakini hufanyika mara chache, na baada yake kutafuta kunakuwa kwepesi tena.

6. KATIKA PYTHON

Wale wanaosoma Python wameshalitumia jedwali hili bila kujua. Katika lugha hiyo linaitwa kwa jina la kamusi. Huandikwa hivi:

wingi = {}
wingi["kisu"] = "visu"
wingi["jino"] = "meno"
print(wingi["jino"])

Mstari wa mwisho utatoa: meno. Hesabu, visanduku, migongano na kulinganisha, Python inavishughulikia ndani kwa ndani.

Kuna mambo matatu ya kukumbuka.

La kwanza, ufunguo mmoja huwa na thamani moja. Neno "ua" linatupa taabu: ua la bustanini wingi wake ni maua, na ua wa nyumba wingi wake ni nyua. Ukiandika wingi["ua"] = "maua" kisha wingi["ua"] = "nyua", la pili litafuta la kwanza, na hutapewa onyo. Ukitaka yote mawili, weka orodha kuwa ndiyo thamani: ["maua", "nyua"].

La pili, ufunguo lazima uwe sawa kabisa. "Kisu" yenye K kubwa na "kisu" yenye k ndogo ni funguo mbili. Ukiuliza ufunguo usiokuwepo kwa njia ile ya juu, programu itasimama na kutoa ujumbe wa kosa.

La tatu, jedwali la hashi halijui alfabeti. Ukitaka maneno yote yanayoanza na "ki" itabidi upitie yote, kwa sababu hesabu imeyatawanya. Kwa kazi hiyo orodha iliyopangwa ni bora.

7. HISTORIA KIDOGO

Mwezi Januari 1953, Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliandika waraka wa ndani ya kampuni akipendekeza vitu vipangwe kwenye visanduku kwa kufanyia hesabu funguo zake, na vinavyogongana vifuatane kama mnyororo. Ndiye pia aliyebuni hesabu ya kuhakiki namba inayotumika mpaka leo kwenye kadi za benki.

Desemba 2011, katika mkutano mjini Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha hatari ya migongano. Mtu mbaya akiijua kanuni ya programu, anaweza kutuma maelfu ya funguo zilizochaguliwa ili zote ziangukie kisanduku kimoja. Kompyuta itakwama ikipekua mnyororo huo mrefu, na wateja wengine wasihudumiwe. Baada ya hapo lugha nyingi zilibadilishwa. Python sasa, kila inapoanza, huchagua namba ya siri na kuichanganya kwenye hesabu za maneno, ili mtu wa nje asiweze kukisia nani atakwenda kisanduku gani.

8. KWA WAZAZI

Ndugu zangu, somo hili linatuhusu na sisi tusioandika programu. Jina la mtoto wako ni ufunguo, na jedwali la hashi halibahatishi. Kwa kanuni yetu ya kujumlisha, "Fatma" ni 41, kisanduku 1. "Fatuma" ni 62, kisanduku 2. Kwetu ni jina lilelile, na bibi yake ataitika kwa yote mawili. Kwa kompyuta ni watu wawili, na akitafutwa kwa tahajia moja palipoandikwa nyingine, jibu linaweza kuwa "hayupo". Vivyo hivyo Mohamed, Mohammed na Muhammad.

Tena sisi tuna desturi ya jina, jina la baba na jina la babu, na fomu za hapa Uingereza zinataka jina la kwanza na la ukoo. Leo mtu anaandika la baba, kesho anaandika la babu. Chagueni tahajia moja na mpangilio mmoja, ulingane na pasipoti, na mwandike hivyohivyo kwa daktari, shuleni na benki. Kwa hapa England, namba ya NHS yenye tarakimu 10 ndiyo ufunguo ulio salama zaidi hospitalini, kwa kuwa hakuna wawili wenye namba moja. Iandikeni kwenye simu zenu, ya kila mtoto na ya kila mzee mnayemtunza.

MAZOEZI

1. Kwa kanuni ya kujumlisha, "embe – maembe" itaingia kisanduku gani? Je, kuna mgongano?
2. Maneno "paka", "dawa" na "kiti" yataingia wapi?
3. Tumia kanuni ya uzito kwa maneno yote manane ya jedwali letu, pamoja na "jino". Tumeona kwamba "jino" na "kisu" wanagongana. Ni maneno gani mawili mengine yanayogongana?
4. Kwa nini tunaandika ufunguo pamoja na thamani ndani ya kisanduku? Jibu kwa sentensi mbili za Kiswahili.
5. Kazi ya nyumbani: tafuta jozi ya maneno ya Kiswahili yenye herufi zilezile kwa mpangilio tofauti, kama "taka" na "kata". Muulize mzazi akusaidie. Njoo nayo Jumamosi.

MAJIBU

1. 5 + 13 + 2 + 5 = 25, kisanduku 5. Ndiyo, inagongana na "jicho".
2. "Paka" 29, "dawa" 29, "kiti" 49. Yote kisanduku 9.
3. "Mlango" (221) na "ukuta" (191), wote kisanduku 1.
4. Mwalimu atasikiliza majibu yenu darasani.

Jumamosi kila mtoto aje na makasha kumi ya kiberiti matupu, au vikombe kumi vya karatasi. Tutagawanyika makundi mawili: kundi moja litapekua, kundi jingine litapiga hesabu, tuone nani atamaliza kwanza. Wazazi mnakaribishwa kukaa nyuma, mradi msiwanong'oneze majibu.